Ulinzi wa Taifa na Nchi za Nje: Maoni ya Mwananchi Yana Nafasi Gani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi wa walei, Njinjo



Tumeombwa kusema nanyi juu ya jambo ambalo kwa desturi halizungumzwi katika mikutano ya walei. Tumezoea kushughulikia mirathi ya wajane, mipaka ya mashamba, magomvi ya wakulima na wafugaji, na mizani inayopunja ufuta wetu. Hayo yote ni mambo ya haki na amani, nasi hatuyaachi. Lakini leo twataka kuzungumza juu ya ulinzi wa taifa letu na uhusiano wake na nchi za nje. Na hasa juu ya maoni ya watu wa kawaida katika mambo hayo, kama yapo, kama yanasikilizwa, na kama yamejengwa juu ya habari za kweli au juu ya uvumi.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya wakubwa. Mtu wa Njinjo atajua nini juu ya Kongo, au juu ya mapatano ya serikali na serikali? Sisi twajibu kwamba anajua zaidi ya anavyodhaniwa, maana gharama ya mambo hayo humfika mlangoni hata kama habari zake hazikumfika. Mwezi Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake, na bei ya mbaazi ikaanguka kwa wakulima wa kusini waliokuwa wameanza kuvuna wakitumaini bei ya mwaka uliotangulia. Wengi waliacha mazao shambani. Amri ilitolewa New Delhi; hasara ilipatikana Lindi na Mtwara. Basi, ikiwa neno moja la biashara laweza kutufikia hivyo, je, neno la vita?

Nchi yetu hii ya nyuma ya Kilwa imekwisha kujua maana ya vita ambavyo watu wake hawakuvipima kwa habari za kweli, na vita vingine ambavyo hawakuulizwa kabisa. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, katika milima ya Umatumbi, waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na vita vya Maji Maji vikaanza. Sababu yao ilikuwa ya haki: kazi ya shokoa, kodi, na kiboko. Hatuna haja ya kuwaombea radhi. Lakini habari iliyowaunganisha ilienda kwa minong'ono, kijiji hata kijiji, na ndani ya habari hiyo mlikuwamo neno lisilo kweli, kwamba maji ya Ngarambe yatageuza risasi kuwa maji. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, wala minong'ono haikukoma kwa kifo chake. Siku kumi baadaye, Askofu Cassian Spiss wa Wabenedikto aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili huko Mikukuyumbu, walipokuwa safarini kutoka Kilwa kupitia Liwale. Hawakuwa wakusanya kodi. Lakini wakati wa vita mtu huhesabiwa kwa rangi yake na kwa watu anaofanana nao. Baada ya mapigano Wadachi walichoma maghala na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Hesabu za waliokufa hutofautiana sana, kutoka elfu sabini na tano hata laki tatu.

Miaka kumi na moja baadaye vilikuja vita vya wageni kwa wageni. Waingereza na Wadachi walipigana Kibata kuanzia Desemba 1916, na Narungombe mwezi Julai 1917, katika nchi hii hii yetu, nao waliobeba mizigo yao walikuwa watu wetu. Hapo hakuna aliyetuuliza neno. Twakumbusha mambo haya kwa sababu mtu akisema leo kwamba mwanakijiji hana haja ya kuwa na maoni juu ya vita, asema hivyo mahali pabaya sana pa kusemea.

JESHI LINALOITWA LA WANANCHI

Tulipopata uhuru tulirithi jeshi la kikoloni. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kwa ajili ya mishahara na kwa kutaka maofisa Waafrika, na serikali changa ikalazimika kuwaita Waingereza kuzima maasi hayo. Mwalimu Nyerere hakuficha kwamba jambo hilo lilikuwa la kuaibisha. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo huo likaundwa jingine lenye jina jipya: Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Jina hili yafaa tulitazame vizuri. Halisemi jeshi la Serikali, wala la chama, wala la Rais, ijapokuwa Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Likiwa la wananchi, wananchi wana neno nalo.

Je, walikuwa na neno? Katika miaka ile ya kwanza ridhaa ilikuwapo, ingawa haikuombwa kwa njia ya kura. Fikirini habari ya ukombozi wa Afrika. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963 hata 1994. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na kambi yake kubwa ya mafunzo ilikuwa Nachingwea, katika mkoa wetu huu. Wakimbizi wa Msumbiji waliokuja kwa maelfu walipewa makazi Rutamba, karibu na Lindi. Mwezi Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya uasi wa walowezi wa Rhodesia, ikapoteza mkopo wa paundi milioni saba na nusu. Vijiji vya kando ya Ruvuma vilijua mabomu na mabomu ya kutegwa ya Wareno. Hata hivyo, hatujasikia kwamba watu wa kusini walisimama kutaka FRELIMO wafukuzwe. Walikuwa wameelewa. Sababu ilielezwa kwa lugha wanayoijua, tena walimwona mkimbizi kwa macho, wakagawana naye mihogo.

Hatusemi kwamba kila mtu alikubali kila kitu. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kukataa masharti ya kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao, nao wakarudishwa makwao kwa mamia. Mwalimu alikasirika, lakini siku hiyo hiyo alipunguza mshahara wake mwenyewe. Katika habari hiyo sisi twaona mambo mawili pamoja: ukali uliozidi kwa vijana, na kiongozi aliyetambua kwamba anayedai watu wajitoe hana budi kuanza yeye.

MIEZI KUMI NA MINANE

Wazee mliomo humu mnaikumbuka vita ya Kagera kuliko tunavyoweza kuisimulia. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaua, yakapora ng'ombe na kuvunja daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba ardhi ile ni yake. Mwanzoni mwa Novemba Rais alilieleza taifa kwamba sababu ya kumpiga ipo, uwezo upo, na nia ipo. Maneno hayo yalisikika katika kila redio, na watu wakayarudia kama wimbo. Maelfu ya mgambo walijiunga na jeshi, watu wakatoa ng'ombe, nafaka na fedha, na malori yakachukuliwa. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Katika vita hiyo maoni ya wananchi yalikuwa upande wa serikali, nayo yalikuwa ya haki, maana nchi ilivamiwa. Twaamini pia kwamba yalitegemea jambo jingine: Rais alisema wazi nini kimetokea, wapi, na nini kitafanyika.

Ugumu ulianza baadaye. Je, kulikuwa na haki ya kupita mpaka na kumwondoa mtawala wa nchi nyingine? Katika mkutano wa viongozi wa Afrika huko Monrovia, Julai 1979, baadhi yao waliilaumu Tanzania kwa kuvunja kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Lilikuwa swali zito, na watu wenye nia njema wangeweza kutofautiana juu yake. Lakini hapa kwetu halikujadiliwa hadharani. Tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Vita ilikadiriwa kuligharimu taifa dola za Marekani milioni mia tano hivi, wakati mafuta ya petroli yalikuwa yamepanda bei duniani. Ile miezi kumi na minane haikuisha kwa wakati wake. Iliendelea hadi miaka ya themanini, na foleni za sabuni, sukari, chumvi na nguo mnazikumbuka. Akina mama ndio waliosimama katika foleni hizo. Watu waliuliza kwa sauti ya chini mkanda utafunguliwa lini, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuuliza kwa sauti ya juu, swali likageuka kuwa manung'uniko, na manung'uniko yakawa magendo.

Tunaheshimu waliokufa katika vita ile na waliorudi wakiwa vilema. Hatuoni kwamba kuuliza gharama ni kuwavunjia heshima.

MARA MOJA TULIPOULIZWA

Ziko nyakati mbili ambazo maoni ya wananchi juu ya mambo ya nje yalijitokeza wazi, na tofauti baina yake inafundisha mengi.

Ya kwanza ni ya mwaka 1993. Desemba 1992 Zanzibar ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, inayojulikana kwa herufi zake OIC, na habari ikajulikana kwa wananchi baada ya jambo kutendeka. Mambo ya nje ni mambo ya Muungano. Kamati ya Bunge ikaona kwamba Katiba imevunjwa, na Zanzibar ikajitoa Agosti 1993. Lakini katika miezi ile, mjadala ambao ulipaswa kuwa wa kikatiba na wa uhusiano na nchi za nje ulibadilika kuwa mjadala wa Wakristo na Waislamu. Sisi tunaoishi Kilwa, mahali ambapo Wakristo ni wachache na ndugu zetu wengi wa damu ni Waislamu, tunajua mjadala wa namna hiyo unavyouma. Mtu huzika jirani yake asubuhi, na jioni asikia katika redio kwamba jirani huyo ni hatari. Chanzo cha uchungu ule, kwa maoni yetu, kilikuwa siri. Laiti jambo lingeletwa mezani kwanza, wangejadili faida yake na hasara yake, kisha wangekubali au wangekataa, bila mtu kumtazama mwenziwe kwa jicho la shaka.

Ya pili ni ya mwaka 2006 na 2007. Wakuu wa Afrika Mashariki walikuwa wamependekezewa kwamba shirikisho la kisiasa liharakishwe, likamilike mwaka 2013. Safari hii waliamua kuwauliza wananchi. Hapa Tanzania iliundwa kamati chini ya Profesa Samuel Wangwe, ikazunguka nchi nzima kukusanya maoni. Takriban watu watatu katika kila wanne walikataa kuharakisha. Wengi hawakuwa wakipinga umoja wenyewe. Walitaka twende hatua kwa hatua. Waliitaja ardhi kwanza, kisha ajira za vijana, kisha siasa za ukabila za baadhi ya majirani. Mwezi Agosti 2007 wakuu wa nchi walikutana Ngurdoto, Arusha, na safari ya haraka ikasimama.

Wasomi wengine walisema wakati ule kwamba wananchi walikuwa waoga na wasiojua uchumi. Sisi hatuoni hivyo. Mkulima anayesema "ardhi kwanza" anajua uchumi wake vizuri sana. Na jambo la kutia moyo ni kwamba jibu lile lilizingatiwa. Hakuna aliyegombana na jirani yake kwa sababu ya dini wala kabila, ijapokuwa jambo lenyewe lilikuwa kubwa kuliko lile la 1993.

VIJANA WETU WALIO MBALI

Sasa tufike kwenye jambo la siku hizi. Kwa miaka mingi askari wa Tanzania wamekuwa wakipelekwa nchi za nje kulinda amani. Machi 2008 walikwenda Komoro, kisiwani Anjouan. Walikwenda Darfur, na tarehe 13 Julai 2013 saba kati yao waliuawa huko kwa kuviziwa. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliunda kikosi maalumu cha kupigana mashariki mwa Kongo, chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania. Kikosi hicho kilisaidia kuwashinda waasi wa M23 mwezi Novemba 2013. Lakini tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya askari wetu huko Semuliki, Kivu ya Kaskazini, ilishambuliwa, wakafa wasiopungua kumi na wanne kwa usiku mmoja. Mwisho wa mwaka 2023 jumuiya ya SADC ikapeleka tena majeshi Kongo, yakiwamo ya kwetu; Januari 2025 Goma ikatekwa na M23 waliokuwa wamefufuka, na Machi 2025 SADC ikaamua kukomesha ujumbe huo.

Ndugu zetu, ni wangapi kati yetu waliojua, kabla ya habari ya vifo, kwamba vijana wetu wako Semuliki? Jeneza huja limefunikwa bendera. Bendera ni heshima kubwa, wala hatuidharau. Lakini mama aliyempoteza mtoto ana haki ya kujua alikufa akifanya kazi gani, kwa amri iliyotolewa kwa sababu gani.

Upande wa kusini, jambo limetukaribia zaidi. Tangu Oktoba 2017, mapigano yaliyoanzia Mocímboa da Praia yameitesa Cabo Delgado. Tarehe 14 Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa, na watu wakakimbia kila upande. SADC ilipeleka majeshi yake Msumbiji Julai 2021, yakakaa miaka mitatu.

Katika kipindi hicho hicho, mwaka 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza kwamba maelfu ya Wamsumbiji waliovuka kuja kwetu walirudishwa kwao kupitia Negomano. Tunaelewa hofu iliyokuwapo. Baada ya Kitaya, mlinzi wa mpaka hawezi kujua kwa kumtazama mtu kama ni mkimbizi au ni mshambuliaji. Lakini twawaomba mlinganishe na Rutamba. Watoto wa watu wale wale, kutoka mkoa ule ule, wakivuka mto ule ule; na mara hii mlango ulifungwa, wala hatukuambiwa nani aliamua na kwa kipimo gani. Labda wananchi wa kusini, kama wangeulizwa, wangesema wafungiwe. Labda wangesema wapokelewe na kukaguliwa mbali na mpaka, kama ilivyofanyika zamani. Sisi wa tume tungesema hili la pili. Lakini hatukuulizwa, sisi wala wao.

SHERIA INASEMAJE

Si kweli kwamba Katiba imetunyima nafasi. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa maoni, na inasema kwamba ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi na masuala muhimu kwa jamii. Papa Yohane wa Ishirini na Tatu alifundisha jambo hilo hilo mwaka 1963, kwamba kupata habari za kweli juu ya mambo ya hadhara ni haki ya binadamu. Ibara ya 28 inatupa wajibu wa kulinda uhuru wa taifa. Haki na wajibu vimewekwa katika kitabu kimoja, basi visitenganishwe: anayetudai wajibu wa 28 anatudaiwa haki ya 18.

Juu ya vita yenyewe, ibara ya 44 inamruhusu Rais kutangaza hali ya vita, kisha Spika hana budi kuitisha Bunge katika siku kumi na nne ili wabunge wajadili kama wataunga mkono tangazo hilo. Na ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba na nchi nyingine inayohitaji kuridhiwa. Mnakumbuka mwaka 2023, mapatano ya bandari na Dubai yalipofikishwa bungeni. Yaliridhiwa tarehe 10 Juni, na wananchi wengi walianza kuyasoma baada ya siku hiyo. Maaskofu wetu walitoa tamko lao Agosti. Hatutaki kurudia hoja zile hapa, ila kuonyesha utaratibu uliopinduka: kuridhia kukatangulia, mjadala ukafuata.

Pengo kubwa liko katika kuwapeleka askari nje bila kutangaza vita. Ibara ya 148 inamruhusu Amiri Jeshi Mkuu kuamuru majeshi kufanya shughuli za kijeshi ndani au nje ya Tanzania. Haidai kura ya Bunge. Majirani zetu wamefanya vingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka idhini ya Bunge kabla ya majeshi kupelekwa nje kulinda amani. Katiba ya Afrika Kusini inamtaka Rais alieleze Bunge mara moja, kwa undani, sababu za kuwatumia askari, mahali watakapotumika, idadi yao, na muda unaotazamiwa. Maswali hayo manne si siri za kivita. Adui hapati faida yoyote kwa kujua kwamba Bunge limeelezwa sababu. Hatutaki kujua bunduki ziko ghala gani, wala doria itapita njia ipi; hayo ni ya jeshi, na asiyeyaficha ni mjinga au msaliti. Twataka kujua kwa nini, wapi, wangapi, na hadi lini.

UVUMI NI MAJI YA NGARAMBE

Haki hii inatudai nasi kitu. Maoni yasiyo na habari ni kelele tu. Siku hizi simu imefika hata kwenye dago la mvuvi, na kwa simu hiyo huja picha za maiti zisizojulikana ni za nchi gani, sauti za watu wasiojulikana, na hesabu za vita ambazo hakuna aliyezipima. Kijana akizisikia mara tatu huziamini. Kumbukeni miaka ya 2016 na 2017, mauaji yalipokuwa yakitokea Kibiti na Rufiji, njia hiyo hiyo tunayopita kwenda Dar es Salaam. Viongozi wa vijiji waliuawa mmoja mmoja, na tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa. Watu waliogopa wauaji, wakaogopa pia kushukiwa kuwa upande wao. Pale kila mtu aliponyamaza, uvumi ndio uliotawala, na uvumi ukawanyooshea kidole watu kwa mavazi yao na kwa msikiti wanaoswalia. Sisi Wakristo tunaojua habari ya Mikukuyumbu tungepaswa kuwa wa kwanza kukataa kumhesabu mtu kwa namna hiyo.

Askari nao tusiwafanye maadui. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba askari anayetimiza kazi yake kwa haki anachangia kweli kweli katika kuleta amani. Wengi wao ni watoto wa vijiji kama hivi. Katiba inawakataza kujiunga na vyama vya siasa, nao hawawezi kujisemea hadharani. Kwa hiyo anayeuliza juu ya sababu na muda wa kazi yao, awasemea na wao.

Sasa, la kufanya. Tunapendekeza kila kigango kitenge jioni moja kwa mazungumzo haya, na kisiyafanye peke yake. Mwalikeni shehe wa mahali penu. Waalikeni wazee waliopigana Kagera na vijana waliomaliza Jeshi la Kujenga Taifa, na akina mama wa WAWATA wapewe nafasi ya kusema mapema, si mwishoni wakati taa zinazimika. Msome ibara tulizozitaja kwa sauti, maana wengi hawajapata kuziona. Kisha andikeni maswali, machache na ya wazi, yenye heshima. Kwa mfano: wakimbizi wa Msumbiji wakivuka tena kesho, utaratibu wa kuwapokea ni upi, na nani ameupitisha? Askari wetu walio nje leo wako nchi zipi, na Kamati ya Bunge ya mambo ya nje, ulinzi na usalama imeelezwa nini juu ya muda wao? Familia ya askari aliyekufa nje hulipwa nini, na mjane aliye kijijini afuatilie ofisi gani bila kupoteza nauli ya safari tatu za Dar es Salaam?

Bajeti ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa husomwa Dodoma katika mkutano wa Bunge unaoanza Aprili. Kwa hiyo maswali ya vigango yatufikie kabla ya mwisho wa Februari, tupate kuyaweka pamoja na kumpelekea diwani na mbunge kwa mkono, tukiacha nakala yenye sahihi ya aliyepokea. Barabara ya Nangurukuru mnaijua ilivyo mvua za masika zikianza.